Kutuma ujumbe unaochomoza kwenye skrini za kompyuta za ofisi bila intaneti

Stoo_14
Habari wakuu. Kuna kompyuta 14 kwenye swichi moja, anwani 192.168.1.x, hakuna domeni (seva moja inayosimamia akaunti za kompyuta zote), zote ziko WORKGROUP, yaani kila moja inajitegemea. Tisa ni Windows 10 Pro, tano ni Windows 11 Home. Saa 10 jioni bekapu ya stoo inaanza na kila mtu anatakiwa awe amefunga programu. Nataka ujumbe uchomoze kwenye skrini zote hata intaneti ikikatika. Amri ya zamani ya kutuma ujumbe, `net send`, haitambuliki. Amri ya `msg` inaleta "Error 5 getting session names" kwa baadhi ya kompyuta, nyingine "Error 1722". Nianzie wapi?

mzee_wa_swichi
Mkuu, `net send` isahau. Ilitegemea huduma ya Messenger, ambayo watu wa matangazo waliigeuza njia ya kumwaga uchafu kwenye skrini za watu kupitia intaneti. Oktoba 2003 Microsoft ikatoa kiraka MS03-043 kwa sababu mvamizi aliweza hata kuendesha programu yake kupitia huduma hiyo. Windows XP SP2 ya 2004 ilikuja imeizima, na tangu Vista haimo kabisa.

Kwenye `msg`, Error 5 na 1722 ni magonjwa mawili, usiyape dawa moja. 1722 maana yake hujafika mlangoni: kompyuta imezimwa, jina halipatikani, au faiawoli (kinga ya mtandao ya Windows) imefunga TCP 445, poti ambayo `msg` inapitia. Jaribu kwa IP kwanza:

`msg * /server:192.168.1.15 /time:300 "Funga programu ya stoo"`

IP ikikubali na jina likikataa, tatizo ni jina. Vyote vikikataa, fungua PowerShell uandike `Test-NetConnection 192.168.1.15 -Port 445`. Ikileta False wakati kompyuta imewashwa, angalia kama mtandao wake umewekwa Public. Uweke Private, kisha kwenye CMD ya msimamizi:

`netsh advfirewall firewall add rule name="Ujumbe wa ofisi" dir=in action=allow protocol=TCP localport=445 remoteip=localsubnet profile=private`

Hiyo `localsubnet` usiiondoe. Poti 445 haitakiwi kuonekana nje ya ofisi hata kidogo.

Error 5 ni kwamba umefika ila umenyimwa ruhusa. Kwenye kompyuta inayopokea:

`reg add "HKLM\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Terminal Server" /v AllowRemoteRPC /t REG_DWORD /d 1 /f`

Bado unahitaji akaunti yenye uwezo wa msimamizi kwenye kompyuta hiyo. Kwa kuwa hakuna domeni, jitambulishe kwanza: `net use \\PC-05\IPC$ /user:PC-05\mtangazaji *`, andika nenosiri (PC-05 ni jina la kompyuta inayopokea, mtangazaji ni akaunti yake), ndipo utume `msg` kwa jina lile lile PC-05. Ukijitambulisha kwa jina kisha ukatuma kwa IP, Windows inahesabu hizo ni sehemu mbili na Error 5 inarudi.

Nuru_mtandao
Naongezea yanayowapotezea watu muda. Bila `/time` ujumbe unakaa sekunde 60 tu unatoweka, na aliyekwenda kunywa chai hatauona. Usiweke `/w` kwenye faili la .bat linalozunguka kompyuta zote: amri itaganda kwenye kompyuta ya kwanza hadi mtu abonyeze OK. Ukiona "No user exists for *" hakuna aliyeingia kwenye kompyuta hiyo, hakuna kilichoharibika. Na kama `msg` inaitwa na programu ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64, itasema faili halipo, elekeza `C:\Windows\Sysnative\msg.exe`.

Ila kwa ofisi hii siungi mkono njia ya `msg`. Windows Home haina `msg.exe`, na kuipakua kwenye tovuti usizozijua ni kujiletea virusi. Halafu akaunti ya msimamizi yenye nenosiri moja kwenye kompyuta tisa ni hatari: likivuja kwenye moja, zote zimekwenda. Kwa sababu ya kengele ya saa 10? Hapana.

Weka IP Messenger, programu ya kutumiana ujumbe ndani ya mtandao wa ofisi, kwenye kompyuta zote 14. Ni ya bure, haihitaji seva, inatumia poti 2425, UDP kwa ujumbe na TCP kwa mafaili. Ruhusu poti hiyo kwenye faiawoli, mtandao uwe Private, na iwake yenyewe Windows ikiwaka. Chagua majina yote, tuma ujumbe uliofungwa kwa muhuri: mtu akiufungua unapata taarifa, kwa hiyo unajua nani bado kabla bekapu haijaanza. `msg` haikupi hilo kwa watu 14 kwa mkupuo mmoja.

Stoo_14
Asanteni. Kompyuta mbili zinatumia Wi-Fi ya rauta ile ile, na zimepata 192.168.1.x. Kwenye IP Messenger hazionekani, ila intaneti wanapata.

mzee_wa_swichi
Hoja ya nenosiri nakubaliana nayo, `msg` baki nayo pale ambapo kuna domeni.

Hizo mbili, ingia kwenye rauta, sehemu ya Wi-Fi, utafute "AP Isolation" au "Client Isolation". Ikiwa imewashwa, kila kifaa kinaona intaneti lakini hakioni wenzake. Hakikisha pia hawajaungwa kwenye Wi-Fi ya wageni, maana hiyo kwa kawaida imetengwa makusudi. Ukishaizima hiyo Isolation, fungua IP Messenger upya kwenye hizo mbili ili zijitangaze.