Tupeane uzoefu: mikono ya vioo na skrubu za mlango zilizogoma kutoka kwenye pikapu za zamani

Mwenye Hilux, Mtwara mjini

Wadau wa Kusini, habari za leo. Nina Hilux ya mwishoni mwa miaka ya 1970 aliyoniachia marehemu baba. Imebeba korosho za Tandahimba msimu kwa msimu na injini yake bado iko vizuri. Sasa nataka kuipiga rangi, na sitaki ile ya kubandika magazeti na kupuliza juu juu. Nataka milango ivuliwe kila kitu, kutu ikwanguliwe mpaka ndani.

Viti vimetoka, dashibodi imetoka, lakini mlangoni kazi imekwama. Mkono wa kuzungushia kioo hauonyeshi skrubu yoyote, na skrubu za kishikio cha kuvutia mlango zimeganda kwa kutu. Kuna fundi alikuja na mtaimbo mdogo anataka kubandua, nikamwambia hapana. Ule mkono ni wa chuma, umekuja na gari. Nilivyoonyeshwa dukani ni vya plastiki nyepesi, na sivitaki kwenye gari la mzee.

Naomba tupeane uzoefu. Taja gari, taja kilichogoma, eleza ulikitoaje kikabaki kizima.

Fundi bodi, Chikongola

Mkuu, umefanya la maana kumzuia. Huo mkono haukufungwa kwa skrubu ndiyo maana huioni. Nyuma yake, kati ya mkono na kile kisahani cha plastiki kinachogusa kava la mlango, kuna klipu ya chuma cha springi yenye umbo la kwato ya farasi. Hiyo ndiyo inayoushikilia mkono kwenye mhimili wenye meno unaotoka kwenye mashine ya kioo. Ukivuta kwa mtaimbo unashindana na chuma, na kitakachokubali kwanza ni mkono, kava, au mashine yenyewe.

Dawa yake ni kitambaa. Pandisha kioo mpaka juu, halafu piga picha uone mkono umelala upande gani, maana siku ya kurudisha utataka milango yote miwili ifanane. Chukua kitambaa kigumu cha pamba, kipande cha shuka kuukuu kinatosha. Sukuma kava kwa kiganja ili nafasi ipanuke, kipitishe kitambaa nyuma ya mkono, shika ncha zake mbili kisha vuta huku na huku haraka haraka, kama mtu anayekausha mgongo kwa taulo. Kitambaa kinanasa zile ncha mbili za klipu na kuisukuma itoke kwa upande wa mgongo wake. Usipoipata, badilisha upande, peleka kitambaa chini au juu zaidi. Ukisikia "tik", tulia.

Kuwa makini hapo, kwa sababu klipu inaruka kweli. Tandika shuka chini na funika macho. Klipu ikipotelea kwenye mchanga wa gereji zetu hizi huioni tena.

Kama kutu imeishika sana, tia matone machache ya mafuta ya taa kwa nyuma ukitumia bomba la sindano, liache gari lilale, asubuhi rudia kitambaa. Kurudisha ni rahisi: klipu unaitanguliza kwenye mkono, unaweka mkono kwenye meno, unapiga kwa kiganja mara moja, inajifunga yenyewe.

Mdau wa Masasi

Nakubaliana na fundi hapo juu kuhusu kitambaa. Mimi niongezee kwenye skrubu, maana watu wengi wanaziharibu bila sababu.

Magari ya Japani ya miaka ile yana skrubu ambazo ukizitazama ni za nyota tu, lakini tundu lake limechongwa kwa kipimo cha Kijapani, JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida haifiki chini kabisa. Inashika juu juu, ukikaza mkono inapanda na kuchubua nyota. Baadhi ya skrubu hizo zina kitone kidogo kichwani, ukikiona ujue ndiyo hiyo. Bisibisi ya JIS ikikosekana, chukua ya kwako ya kawaida uisage ncha kidogo sana kwenye jiwe la kunolea mpaka izame. Nimeona tofauti kubwa kwenye Datsun yangu: skrubu ambayo kila mtu alisema ikatwe ilizunguka bila kelele.

Kama nyota imeshaanza kulika, paka ncha ya bisibisi ile pesti ya kusagia valvu. Ina chembechembe zinazong'ata. Na kabla ya kufungua, jaribu kukaza kidogo. Kule kutikisika kunavunja kutu.

Mama wa chumvi, Lindi

Habari zenu wanangu. Mimi siyo fundi, lakini pikapu yangu nasimamia matengenezo yake mwenyewe, nimesimama pale pale mpaka kazi iishe. Ni Land Cruiser ya zamani inayobeba chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Maji yake yanaingia kwenye kila skrubu.

Kilichogoma kwangu ni skrubu za bawaba na za kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa kinajishika. Kijana wangu wa gereji alitumia bisibisi ya kugonga. Unaigonga kwa nyundo kitakoni, ncha inazama kwenye skrubu huku inajizungusha. Zile mbili za chini hazikusikia hata hiyo. Akachukua pasi ya kuchomelea waya za redio, akaiegemeza kwenye kichwa cha skrubu mpaka kikapata moto, akaacha ipoe, akagonga tena. Zikatoka. Alinieleza kwamba chuma kikipata moto kinatanuka, kikipoa kinasinyaa, na kutu haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka.

Nilimkataza tochi ya gesi, na nawakataza na ninyi. Ndani ya mlango kuna mipira, nailoni na mafuta mliyomwagia, moto unashika mara moja. Hata kwa pasi, hakikisheni mafuta ya taa yamefutwa kwanza.

Mwana wa Nachingwea

Shikamoo mama. Wenye Land Rover za Series mnisikilize, zetu ni shughuli nyingine. Mikono ya vioo hatuna, vioo vinateleza kwenye reli. Tabu iko kwenye nati zinazoshika nusu ya juu ya mlango kwenye nusu ya chini, na skrubu za chuma zilizopita kwenye bodi ya alumini. Chuma na alumini vikikaa pamoja kwenye unyevu wa chumvi, alumini inalika na kuwa unga mweupe, na unga huo unabana kuliko kutu.

Kwangu nati tulizikata kwa jani la msumeno wa chuma. Nati ni rahisi kununua, bodi ya mlango huipati. Wakati wa kurudisha tuliweka washa za plastiki na grisi ili chuma kisigusane na alumini.

Fundi bodi, Chikongola

Kuhusu skrubu iliyokwisha nyota kabisa: toboa kichwa tu kwa drili, polepole, ncha ya drili iwe na unene wa shina la skrubu. Kichwa kikiruka, kishikio kinatoka kizima. Kisiki kilichobaki hakina tena kitu kinachokikaza, mara nyingi unakishika kwa plaizi na kinazunguka.

Mwenye Hilux, Mtwara mjini

Nawashukuru sana. Kitambaa kimefanya kazi milango yote miwili, na mikono ninayo mezani, haina hata mkwaruzo. Za kishikio zimetoka kwa bisibisi iliyosagwa. Nyuma ya kava nimekuta nailoni imebandikwa kwa gundi nyeusi. Niibandue? Na chini ya mlango kumejaa vumbi jekundu la Newala limegeuka udongo.

Fundi bodi, Chikongola

Nailoni ibandue taratibu kwa kisu butu, na itunze au kata mpya kwa kipimo chake. Hiyo ndiyo inayozuia maji yanayoshuka na kioo yasifike kwenye kava. Bila hiyo kava lako la mbao nyembamba litavimba masika ya kwanza.

Huo udongo ndio ulioozesha mlango wako. Chini kuna matundu ya kutolea maji, yazibue yote kwa waya, mwaga maji uone yanapita. Kwangua kutu, piga rangi ya kuzuia kutu kwa ndani, mashine ya kioo itie grisi. Kabla ya kurudisha kava, chomeka mkono bila klipu, pandisha na kushusha kioo, fungua na kufunga kitasa mlango ukiwa wazi. Vyote vikifanya kazi, ndipo ufunge.

Mdau wa Masasi

Na zile skrubu, zipake grisi kidogo kwenye nyuzi kabla ya kuzirudisha.