Tunamuenzi mzee wetu wa kijiji Jumamosi: ngao, ng'ombe au pesa taslimu? Naomba ushauri wa haraka

Mwana wa Muheza
Wakuu habari za jioni. Humu huwa nasoma tu na kupita, leo nimelazimika kufungua akaunti maana kichwa kimejaa.

Niende kwenye mada. Kijijini kwetu, wilaya ya Muheza (jina la kijiji naliacha), kuna mzee ana miaka 74. Mwaka 1973 alikuwa kijana aliyemaliza darasa la saba, akajitolea kufundisha kisomo cha watu wazima chini ya mwembe wa stoo ya ushirika. Kampeni ya Mtu ni Afya ilipoanza mwaka huohuo, yeye ndiye aliyekuwa anabeba redio ya kikundi, watu wanasikiliza kipindi, kikiisha wanaondoka na majembe kuchimba vyoo. Mama yangu mzazi aliandika jina lake kwa mara ya kwanza kwa mkono wa huyu mzee, kisha Agosti 1975 akafanya ule mtihani wa taifa wa kisomo. Baadaye mzee akawa fundi wa pampu yetu ya mkono, miaka zaidi ya ishirini bila mshahara. Na makaburi ya pale kijijini nusu yake kachimba yeye.

Kamati tumechangisha 1,460,000. Mimi ni katibu. Wajumbe wamegawanyika: wapo wanaotaka ngao, wapo wa ng'ombe wa maziwa, wapo wa pesa mkononi. Nyie mngefanyaje?

Ngosha Mstaafu
Ng'ombe. Uzi ufungwe.

Chungwa Bichi
Ngosha kwako hata mgonjwa wa malaria dawa yake ni ng'ombe. Mzee wa miaka 74 majani atakata nani?

Binti Sayari
Baba yangu alikuwa mwalimu mkuu miaka 31. Siku ya kumuaga wakampa saa ya ukutani na godoro. Saa ilisimama kabla hata hajalipwa kiinua mgongo. Ipo mpaka leo sebuleni, inasema saa nne kasoro, na hataki itolewe. Mgeni akiuliza saa anamwonyesha ile, halafu anacheka peke yake. Ngao ni hivyohivyo jamani. Mpeni pesa.

Afisa Kipenyo
Mimi nashauri kitu cha kudumu. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 ilitufundisha kwamba barabara ikipewa jina la mtu, jina linabaki. Pelekeni ombi kwenye mkutano mkuu wa kijiji, likitoka hapo liende kamati ya maendeleo ya kata, halafu halmashauri. Haligharimu hata robo ya hizo pesa.

Mama Tatu
Mzee mwenyewe anasemaje?

Mkazi wa Voi
Hapa Kenya tungemngoja Mashujaa Dei, tarehe 20 Oktoba, apangwe mstari wa mbele uwanjani, mheshimiwa amsahau kwenye hotuba. Mpeni mzee wake akiwa hai. Sisi tunangoja mtu afe ndio tumpe harambee.

Dawa Chungu
Kabla ya ng'ombe na barabara, ana bima? Mimi nilipowalipia wazazi CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu sita. Na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bure, mumfuatilie kitambulisho. Hizo ngao zenu hazipimi presha.

Mwana wa Muheza
Nashukuru wote. Afisa Kipenyo wazo zuri sana, nimelinakili. Dawa Chungu, hilo la kitambulisho tutalifanyia kazi. Ila niseme ukweli, ngao imeshachongwa Tanga mjini, 85,000, na turubai mbili na viti 150 nimeshatoa advansi. Kwa hiyo kilichobaki ni nini kiongezwe juu ya ngao.

Chungwa Bichi
Kwa hiyo ulikuja kuomba ushauri au kutualika?

Mama Tatu
Nauliza mara ya pili. Mzee mwenyewe anasemaje?

Mwana wa Muheza
Mama Tatu, hajakataa moja kwa moja. Mjumbe alipompelekea taarifa alikuwa anapukuchua mahindi. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Mkishamaliza mtaniambia ilikuwaje." Sisi tumechukulia ni utani wa kizee.

Fundi Bomba
Huo si utani, bwana mdogo. Mzee wa kijiji hagomei pilau lililopikwa kwa jina lake. Mmemfanya nini?

Ngosha Mstaafu
Hapo ndipo ng'ombe angesaidia.

Mwana wa Muheza
Haya. Sikutaka kuyaleta kwa sababu hayahusiani na shughuli.

Kabla RUWASA, wakala wa maji vijijini, haijaanza mwaka 2019, pesa ya maji kwetu ilikuwa mikononi mwa kamati ya maji ya kijiji. Ndoo shilingi 20. Mzee ndiye alikuwa fundi na ndiye alikuwa anashika pesa, maana hakuna aliyeaminika kama yeye. Mwaka 2014 zikasomwa hesabu kwenye mkutano wa kijiji, zikaonekana pungufu 385,000. Mzee akasimama akasema alinunua silinda na bomba Tanga mjini. Risiti haikuonekana. Watu wakapiga kelele, mnajua mkutano ukishachemka. Akavuliwa. Akauza mbuzi wake watano akalipa.

Tangu siku hiyo mkutanoni hakanyagi. Kwenye misiba anakuja, anachimba kaburi mpaka mwisho, ananawa mikono, anaondoka kabla chakula hakijapakuliwa. Miaka yote hii.

Ndiyo maana tunataka kumrudishia heshima yake. Sioni ubaya.

Binti Sayari
Nimesoma pale kwenye kunawa mikono mara mbili.

Afisa Kipenyo
Hesabu alisoma nani?

Mwana wa Muheza
Nilisoma mimi. Nilikuwa katibu wa kamati ya maji. Lakini nilisoma kilichoandikwa kwenye daftari, sikuongeza neno.

Kijiko cha Chai
Wakuu samahani, naona mnalia peke yenu. Akaunti imefunguliwa leo. Uzi mmoja tu. Mzee mtakatifu, mbuzi watano, mama aliyefundishwa kuandika jina, katibu mwenye majuto. Hii ni chai ya rangi yenye tangawizi. Na kuna kosa: huyo mzee kazaliwa kama 1951, miaka ya sitini mwanzoni watu walikuwa wanamaliza darasa la nane, wewe umemmalizisha la saba. Mtunzi hajafanya utafiti.

Ngosha Mstaafu
Vikombe jamani. Mimi na maandazi.

Mkazi wa Voi
Niliona stori kama hii mahali, ilikuwa mwalimu wa kwaya na kinanda.

Bibi Harusi wa 1979
Wewe Kijiko ulizaliwa lini? Mimi nilisoma kisomo. Walimu wetu walikuwa vijana hivyohivyo, waliomaliza shule juzijuzi, wengine wanatetemeka kutufundisha sisi mama zao. Darasa la nane liliondolewa hukohuko miaka ya sitini, kwa hiyo mtu anaweza kuwa wa la saba au wa la nane, inategemea alianza lini. Tulikaa kwenye magogo. Redio ya RTD ikitangaza kipindi, hata mwenye mtoto mgongoni alikuwa anamnyonyesha kimyakimya asikose maneno. Mume wangu alichimba choo cha kwanza cha ukoo wetu kwa sababu ya redio, tena kwa kununa. Msidharau vitu msivyovijua.

Kijiko cha Chai
Shikamoo bibi. Sijadharau kisomo, nimemdharau mwandishi. Alete ushahidi.

Mwana wa Muheza
Darasa la saba au la nane sijui, sikuwepo. Ndivyo tunavyosimuliwa. Kama ni chai basi nimeipika kwa 1,460,000 za watu, maana mchele uko chumbani kwangu magunia mawili.

Mnataka ushahidi, risiti ya silinda ninayo hapa mkononi. Karatasi ya kaboni ya bluu, imekunjwa mara nne, pini imeacha kutu pale juu kwenye tarehe. 385,000 kamili. Niliikuta 2016 nyumbani nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha mwanangu aanze darasa la kwanza. Picha siweki, ina jina lake.

Dawa Chungu
Subiri. 2016?

Chungwa Bichi
Yaani mzee hana kosa, umejua tangu 2016, umekaa nayo, halafu unatuuliza kuhusu NGAO?

Mwana wa Muheza
Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mkutano ulishapita, mwenyekiti wa wakati ule keshafariki, mbuzi walishaliwa. Niende nianze kusema nini? Ndiyo nikaona ipatikane namna ya heshima, wazee wapo, diwani yupo, apewe maua yake mbele za watu, yaishe bila kufukua. Na ngao imeandikwa vizuri tu, "kwa uaminifu wako". Fundi alitaka kuweka "utumishi", mimi nikasema hapana, weka uaminifu.

Binti Sayari
Kaka, hilo neno ungemwambia kwa mdomo lilikuwa bure.

Fundi Bomba
Mimi nimefunga pampu za vijiji miaka kumi na minane, nina swali moja la kifundi. Silinda ikinunuliwa, risiti inatoka kwa aliyenunua inakwenda kwa anayeandika daftari. Anayeandika daftari ni katibu. Ofisi ya kamati ni mfuko wa rambo tu, naijua. Sasa hiyo risiti ilifikaje nyumbani kwako, kwenye makaratasi ya mwanao?

Afisa Kipenyo
Eeh.

Ngosha Mstaafu
Mimi natua maandazi.

Kijiko cha Chai
Mtoa mada, naona kijani chako kinawaka na hujibu. Saa ya pili hii.

Mwana wa Muheza
Sikumbuki kama nilipewa.

Mama Tatu
"Sikumbuki" siyo "hapana", mwanangu.

Mwana wa Muheza
Alinipa. Tulirudi na silinda juu ya keria ya basi, ilikuwa siku ya mnada. Alinikabidhi pale kituoni, akasema iandike leo usije ukasahau. Nikaitia mfuko wa shati nikaenda mnadani. Siku ya mkutano niliitafuta mpaka chini ya kitanda. Alipoulizwa risiti alinitazama mimi. Hakunitaja. Alinitazama tu, kama vile anavyomngoja mtu wa kisomo aliyekwama kwenye herufi, nami nikageuza ukurasa nikaendelea kusoma.

Mama yangu bado hajui. Alikuwepo mkutanoni, amekaa mstari wa wanawake.

Kijiko cha Chai
Mkuu, naondoa neno langu.

Bibi Harusi wa 1979
Nenda kwake kesho kabla jua halijawa kali. Peke yako, bila mjumbe na bila hiyo ngao.

Dawa Chungu
Na mbuzi watano, kwa bei ya leo, watoke mfukoni mwako. Mchango wa watu usiuguse.

Mwana wa Muheza
Asubuhi nitakwenda. Na Jumamosi sasa? Nimwambie mwenye turubai aje achukue vitu vyake? Advansi hairudi.

Mama Tatu
Turubai acha. Mwambieni mwenyekiti aitishe mkutano wa kijiji palepale, watu wasikae juani. Hiyo risiti uisome wewe, kwa sauti ileile uliyosomea daftari.

Ngosha Mstaafu
Na pilau?

Mama Tatu
Pilau lipikwe. Akinawa mikono akakaa, utakuwa umejibiwa.