Kengele ya kuitia msaada kwa aliyepooza

Mwana_Mbagala: Wakuu, bi mkubwa amepooza kushoto, mchana yuko peke yake. Kengele gani isiyo na waya inafaa?

Fundi_Kkoo: Kipokezi (kile kinacholia) kiwe cha betri, cha kuchomeka ukutani tu kinakufa umeme ukikatika. Umbali wa mita 100 ulioandikwa kwenye boksi ni wa mahali pa wazi, kuta za tofali na nondo hupunguza mawimbi. Jaribu ukiwa chooni, mlango umefungwa.

Mtaalamu_viungo: Kitufe akivae mkono uliopooza, mzima ndio ubonyeze. Chooni weka swichi ya kamba, ncha sentimita 10 toka sakafuni. Watu huifupisha "isilowe", aliyeanguka haifikii!

Fundi_Kkoo: Kweli. Jirani wa kusikia kengele hayupo? Simu ya wazee yenye kitufe cha SOS (dharura) hupiga namba kwa zamu. Salio liwepo, na zima ujumbe wa sauti kwenye namba hizo: mashine ikipokea, simu huona imejibiwa, haiendelei namba inayofuata.