Nyie mnaosugua hela za Mjerumani kwa limao na majivu, nani kawatuma?

Wakuu, nimechoka, ngoja niseme.

Kwa wasiofuatilia: mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia, Mjerumani aliyekuwa anatawala huku kabanwa, Mwingereza kafunga bahari, chenji hakuna nchini. Wakaamua kufyatua sarafu wenyewe pale Tabora kwenye karakana ya reli, heller 5 na heller 20 (heller ni kama senti za rupia ya Mjerumani), zenye taji, D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, yaani Afrika Mashariki ya Mjerumani) na ka-T kadogo ka Tabora. Nyingine shaba nyekundu, nyingine shaba ya njano. Septemba mwaka huohuo Mbelgiji akaingia Tabora, biashara ikaishia hapo. Ilikuwa kazi ya haraka haraka, ndiyo maana hazifanani: kuna taji kubwa na taji dogo, halafu kwenye neno HELLER zile L mbili, kuna zenye ncha zilizochongoka na kuna zilizojikunja. Sisi wenye ugonjwa huu wa kukusanya sarafu tunanunua hizo L. Heller 20 yenyewe tu siyo habari, zimejaa.

Sasa kuna muuzaji (simtaji, anajijua) kanitumia picha ya heller 20, ina ukungu, taji dogo, shaba nyekundu, imepiga weusi wake safi. Nikamwambia sawa, nalipa laki na nusu, nitumie, ILA USIIGUSE. Akajibu "usijali boss".

Mzigo umekuja unang'aa kama sufuria ya harusini! Dawa nyeupe ya kusugulia imegandia ndani ya tarakimu. L zimelika hadi hujui iliyochongoka ni ipi na iliyojikunja ni ipi. Yaani nilichokilipia ndicho alichokifuta. Kumpigia, ananiambia "nimekuongezea thamani kaka". Thamani gani? Weusi wa miaka mia na ushee haurudi tena!

Na hawa wa senti 10 ya Mwingereza ya Afrika Mashariki yenye tundu, 1936, "mfalme aliyejiuzulu, laki tano, bei inaongeleka". Jamani. Huyo mfalme ni Edward VIII, hakupata sarafu za matumizi Uingereza kwa sababu alijiuzulu Desemba kabla hazijatoka. Za huku zina tundu, hazina sura ya mfalme, ni jina lake tu, kwa hiyo hazikusubiri sura yake, zilishafyatuliwa nyingi; kwa herufi za kiwanda, nyingine zina H, nyingine KN, nyingine hazina herufi. Babu zetu walinunulia chumvi. Ukiuliza ina herufi gani, muuzaji hajui hata kama kuna herufi.

Wale matapeli wa "rupia inavuta punje za mchele" siwajibu, nyie ni kesi ya polisi.

Ombi langu ni dogo: picha pande zote mbili, kwenye mwanga wa jua, sarafu haijaoshwa. Hata kama ina tope, leta na tope lake.

Na wewe boss wa usijali, nataka laki na nusu yangu. Hiyo sarafu njoo uichukue ukafungie funguo.