Lantana imefunika kilima upande wa Kabare: tukate, tuchome au tung'oe?

mwana_kabare: Wakubwa, salamu toka Bukavu. Shefu wa kijiji ameachia kikundi chetu kilima, karibu hektari moja, tukirudishie miti ya asili. Lantana, kile kichaka cha kigeni chenye miiba, imekijaa hadi mbuzi hapiti. Kila salongo (siku ya kazi ya pamoja) tunafyeka kwa panga, mvua ikirudi inachipua kwa hasira zaidi. Wengine wanasema tuchome. Tufanye nini?

papa_agro: Msichome. Moto unakula matawi tu. Kisiki kinachipua, na udongo uliopata jua ndio mbegu zake zinaupenda. Panga nalo linaipogoa tu. Machipukizi hutoka pale shina linapokutana na mizizi, basi fukueni udongo kuzunguka shina, mkate mzizi mkuu sentimita 3 hadi 5 chini ya ardhi. Sururu inafaa kuliko jembe. Halafu geuzeni kichaka kizima, mizizi juu. Mizizi ikigusa udongo mbichi, kichaka kitashika tena. Kazi hii ni ya Juni hadi Agosti. Vichaka vyenye matunda vitangulie kabla hayajaiva meusi, maana ndege ndio wasambazaji. Na glovu ngumu, ile miiba haina adabu.

mama_pepinieri: Kweli Papa, ila msivue kilima chote kwa mara moja. Mvua ya Septemba ikikuta mteremko mtupu, udongo wote unashuka bondeni. Safisheni mikanda inayokata mteremko, muache mingine kwa msimu ujao.

Miche: mita 3 kwa 3, yaani kama 1,100 kwa hektari, pamoja na akiba ya itakayokufa. Changanyeni Markhamia lutea, Albizia gummifera na Maesa lanceolata, zinazofunga kivuli mapema, na Prunus africana kidogo. Hiyo Prunus ndiyo inaumbua watu: mbegu ikikauka imekufa. Okota tunda lililoiva, toa nyama, osha, sia ingali mbichi. Wengi wanalaumu udongo wakati mbegu ilifia mfukoni. Mikaratusi achieni wauza mbao.

mwana_kabare: Aksanti sana. Tukilisha ng'ombe yale matawi? Na mpakani tupande tithonia (alizeti mwitu)?

papa_agro: Ng'ombe hapana! Lantana inaharibu ini, kisha ngozi inachubuka ikipigwa jua. Tithonia majani yake ni mbolea nzuri sana, kata ile iliyopo barabarani kabla ya maua. Kuipanda juu ya kilima kile ni kubadilisha mgeni kwa mgeni. Nayo ilitoka Meksiko.

mama_pepinieri: Pangeni zamu za palizi leo hii. Siku ya kukata watu wanajaa, siku ya kupalilia hakuna mtu, na hapo ndipo miradi inafia. Mbegu za lantana hukaa udongoni miaka. Ng'oeni miche yake kwa mkono mvua ikishalainisha udongo, kila miezi 2 au 3, hadi matawi ya miti yenu yakutane. Na yule mmea mtambaa unaofunika miti katika hifadhi ya taifa ya Kahuzi-Biega, Sericostachys scandens, ni habari nyingine: ni wa asili, na ndani ya hifadhi hamuingii na panga bila ruhusa ya ICCN, taasisi ya serikali inayosimamia hifadhi za Kongo.