Tupeane uzoefu: ni lini uongozi ulianza kukupa amani?

Mwalimu wa Kata
Habari za jioni wapendwa. Semina za uongozi nimehudhuria nyingi, na zote zinafundisha malengo, mikakati na viashiria. Mimi leo naomba kingine. Kama unaongoza watu, iwe ni kwaya, zamu ya kazini, kikundi cha kina mama au idara nzima, tuambie ni lini ulianza kutosheka, na ni nini ulichokigundua ndani yako mwenyewe. Naanza.

Mimi ni mkuu wa shule ya sekondari ya kata. Shule yangu ya kwanza niliikuta inaburuta mkia mkoani. Nikaanzisha kambi ya kidato cha nne, masomo ya usiku, na mtihani wa majaribio kila Ijumaa. Walimu wakawa wanarudi makwao saa mbili usiku. Mwaka wa tatu tukaingia kumi bora ya mkoa. Wazazi walikuja na ngoma na matawi ya miti mpaka getini. Furaha yangu ilidumu hadi saa kumi na mbili jioni. Saa moja usiku tayari nilikuwa nampigia simu mwalimu wa taaluma tupange namna ya kuwapita waliotutangulia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mkuu, hata leo?" Nilimnunia wiki nzima.

Januari 2023 Baraza la Mitihani likatangaza matokeo ya kidato cha nne bila kutaja shule kumi bora wala watahiniwa kumi bora. Nilikaa na simu mkononi natafuta orodha ambayo haipo. Watoto wangu walikuwa wamefaulu vizuri, lakini nilijisikia kama mtu aliyefika harusini akakuta maturubai yanafunguliwa. Usiku ule nikajiuliza kazi yote hii nilikuwa namfanyia nani.

Jibu lilikuja polepole. Marehemu baba alikuwa haangalii alama kwenye ripoti yangu. Kidole chake kilishuka moja kwa moja hadi kwenye nafasi: wa 4 kati ya 86. "Hao watatu wana vichwa viwili?" Basi, hapo mazungumzo yameisha. Nina miaka 51, na baba amelala kaburini, nami nilikuwa bado nampelekea ripoti. Simlaumu, alinipenda kwa namna aliyoijua. Kinachoniuma ni kwamba walimu thelathini na watoto zaidi ya mia sita walikuwa wananibebea.

Nesi wa Wodi ya Wazazi
Mwalimu, umenigusa mahali penyewe. Mimi ni mkunga, na nimekuwa mfawidhi wa wodi ya wazazi kwa miaka saba. Mei Mosi nimetajwa mfanyakazi bora mara mbili, jokofu nililozawadiwa ndilo tunalotumia nyumbani hadi leo. Ila siku moja nikiwa stoo nahesabu glavu, nikawasikia mabinti wawili nje wanabadilishana zamu. Mmoja anasema, "Nipe ya Alhamisi, yeye hayupo." Yeye ni mimi.

Nilikaa juu ya boksi la glavu nikalia. Kisha nikaanza kujifuatilia kama ninavyomfuatilia mgonjwa. Nikaona jambo moja: nikiogopa, nanyang'anya. Alama kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ikigusa tu mstari wa tahadhari, namsogeza binti pembeni, navaa glavu, namaliza mwenyewe. Watu waliita uchapakazi. Ulikuwa woga. Mwaka wangu wa kwanza kazini mama mmoja alitutoka kwa damu saa tisa usiku, mimi ndiye niliyekuwa nimemshika mkono, na tangu hapo kila mama aliyepanda kitandani nilimwona ni yule.

Niliwaambia wenzangu asubuhi moja wakati wa kukabidhiana zamu. Nikawaomba wakiniona nanyang'anya kazi waniambie maneno mawili tu: "Dada, mikono." Miezi miwili ya kwanza waliniambia karibu kila siku.

Kuna usiku mmoja sitausahau. Binti mwenye miezi minne kazini anazalisha, kichwa kimetoka, kitovu kimezunguka shingo. Nilishika ukingo wa troli kwa nyuma, nimeung'ang'ania. Nilikuwa hatua moja kutoka kitandani, kwa hiyo lingeharibika jambo ningeingia. Akaingiza vidole viwili, akakivuta kitovu taratibu, akakipitisha juu ya kichwa, mtoto akaja. Sekunde chache kimya, kisha sauti. Binti akanigeukia ana jasho mpaka kwenye nyusi. Nikachukua shashi nikamfuta. Asubuhi nilifika nyumbani nikalala hadi adhuhuri, usingizi ambao ile miaka ya vyeti sikuupata.

Kijana wa Mauzo
Shikamooni wakubwa. Nisamehewe, lakini naona mazungumzo haya yana raha kwa aliyeshafika. Mimi naongoza vijana tisa wa mauzo. Mwisho wa mwezi ofisini hawaniulizi nimejitambua kiasi gani, wananiuliza tumeuza ngapi. Tusipofikisha, kuna mtu mkataba wake hauongezwi. Je, hatutaishia kuwalea wavivu?

Mwalimu wa Kata
Marahaba mdogo wangu. Hoja yako siikwepi. Kambi sijaifuta, na mtoto wa mkulima bado anahitaji divisheni itakayomvusha. Nilichofanya ni kukaa na walimu na kutenganisha lengo la shule na kiu yangu mimi. Mitihani ya kila Ijumaa ilikuwa kiu yangu, maana walimu hawakupata hata muda wa kuisahihisha vizuri. Sasa ni mara moja kwa mwezi, na wanaisahihisha pamoja na mwanafunzi. Ufaulu haujashuka. Ungeshuka, ningekuwa na la kuwaeleza wazazi, jambo ambalo zamani nisingeliweza, ningetafuta tu mwalimu wa kumlaumu.

Nami nikuulize: mwezi mnaofikisha lengo, unalala?

Kijana wa Mauzo
Hapana. Tangu mwezi wa tatu sijalala vizuri.

Mama wa Likoni
Nawasalimu kutoka Mombasa. Yangu ni fupi. Nilikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha akiba miaka sita. Nilipoachia, nikakaa mkekani na wenzangu kama mwanachama wa kawaida. Mkutano wa kwanza mdomo uliniwasha, kila akizungumza mwenyekiti mpya mimi nina la kuongeza. Nikaelewa kwamba nilichokuwa nikikipenda ni kusikilizwa. Chama kilikuwa kinakuja nyuma ya hapo. Nashukuru nimelijua hilo nikiwa hai. Sasa nahesabu hisa za mwenzangu asiyejua kusoma, nakaa naye pembeni, na hilo linanitosha zaidi ya kile kiti.

Mstaafu
Wanangu, nimesoma yote. Sisi wa umri wangu tulilelewa kwa mifano. Mwalimu Nyerere aliachia uwaziri mkuu Januari 1962, wiki sita tu baada ya uhuru, akamkabidhi Kawawa na yeye akaenda kukijenga chama. Watu hawakuamini. Lakini kwangu mimi mfano mzito zaidi ni wa Mzee Mwinyi. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu kwa sababu ya wananchi waliokufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Shinyanga. Yeye hakumgusa mtu. Angeweza kuonyesha kidole chini, na kidole kingefuatwa. Alirudi kuwa mtu asiye na wizara bila kujua kwamba 1985 angekuwa Rais.

Nautaja mfano huo kwa sababu mimi niliufahamu vizuri, na siku yangu ilipofika nikafanya kinyume. Nilikuwa mkuu wa idara wilayani. Nilikuwa na sifa ya kufunga mahesabu bila hoja ya ukaguzi, miaka tisa mfululizo. Mwaka wa kumi ilipotea mifuko 40 ya mbolea. Wakaguzi walipokuja, nilimwacha mtunza stoo azungumze peke yake. Sikumsingizia, nilinyamaza tu. Akasimamishwa kazi, baadaye akaondoka. Sifa yangu ikabaki safi, nikastaafu kwa sherehe, nikapewa kochi.

Ile sifa ndiyo iliyonifanya ninyamaze. Nisingekuwa na miaka tisa ya kulinda, pengine ningesema. Hilo nimelielewa nikiwa nimekaa kwenye kochi hilohilo, simu haiiti. Miaka kumi na moja baadaye nilipanda basi nikaenda kijijini kwake. Akanipokea vizuri, akachinja kuku. Nilishindwa kula.

Nesi wa Wodi ya Wazazi
Mzee wetu, pole. Na asante kwa kulisema.

Kijana wa Mauzo
Mzee, shikamoo. Naomba nikuulize, si kwa kukuchokonoa. Mwezi wa nne binti mmoja kwenye timu yangu hakuongezewa mkataba. Lengo alilokosa lilikuwa la eneo nililompangia mimi, na nilijua eneo lile limekufa, maduka mengi yameshafungwa. Nililiacha kwake kwa sababu mimi nisingefikisha nikilichukua. Amenipigia mara moja tangu aondoke, sikupokea. Namba yake ninayo hapa. Wewe ulipofika kwa yule mtunza stoo, ulimwanzaje?

Mstaafu
Marahaba mwanangu. Kwenye basi nilipanga maneno mengi, mlangoni yakapotea yote. Nilimwambia, "Ile mbolea, vocha ya kutolea niliisaini mimi, na mifuko sikuihesabu."

Akanijibu, "Najua, mzee. Nilikuwa nimesimama pembeni yako." Kisha akaniletea kiti.