Madobi wa mtaani, doa la mafuta HALITOLEWI NA JIKI, mmeniharibia sare yangu

Wakuu salamu zitakuja baadaye, hapa nilipo natetemeka kwa hasira.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na send-off ya mdogo wangu, sare kitenge, kitambaa 35,000 na fundi kanikamua 25,000 nyingine kwa sababu nilitaka gauni la kumwagika mpaka chini, na huko kumwagika ndo balaa lilikoanzia. Napanda boda Buzuruga, hapa Mwanza, namwambia kijana kabisa mdogo wangu nina gauni refu nenda taratibu, kumbe pikipiki haina kava la cheni, nashuka ukumbini naangalia pindo jeusi tii, grisi tupu. Nikajikaza nikaingia. Wakati wa msosi mtu kaniangushia kipande cha sato wa kukaanga, yule wa kuchuruzika, hapa kifuani. Usiku mmoja mafuta aina mbili.

Jumapili nikapeleka kwa dobi wa huku kwetu Igoma, nikamwonyesha madoa yote kwa kidole, utayaweza? "Dada hayo madogo, njoo kesho." Nikampa buku tatu yake hapohapo (ujinga wangu huo, najua). Kesho yake nalikuta limekunjwa, limepigwa pasi, linanukia, nafika nyumbani nakunjua jamani... kifuani kapiga jiki, rangi yote imekimbia, halafu doa lenyewe lipo palepale katikati limezungukwa na weupe kama Ukerewe ndani ya ziwa. Na pindo hata hajaligusa. Narudi kumuuliza ananiambia eti litatoka lenyewe nikiendelea kulifua. Lenyewe!! Linaenda wapi?

Sikilizeni nyie mnaofulia watu kwa hela. Jiki kazi yake ni kuua rangi, mafuta hayana rangi ya kuuliwa, yamekaa kwenye uzi yanakuangalia tu. Na maji matupu hayayawezi kwa sababu hayashikani nayo, suuza ndoo nne ukitaka, yanataka sabuni ya kuyang'oa na kuyapeleka na maji. Nenda soko la samaki la Mwaloni pale Kirumba uwaangalie mama lishe wanavyosugua makarai ya samaki, ni sabuni ya maji ya vyombo, hujamwona mmoja amemwagia karai jiki. Ila kilichonimaliza kabisa ni pasi. Doa bado bichi wewe unapitisha pasi ya mkaa juu yake, si unalipika humohumo? Mafuta yakipata moto yanagandia kwenye nyuzi yanakuwa njano, hapo hata uje na nini unahangaika.

Basi pindo nikasema nahangaika nalo mwenyewe. Mama jirani, Mungu amuweke, akaniambia "mayu, paka petroli, dakika moja tu." Anasema hivyo huku anachoma mandazi kwenye jiko la mkaa, mimi na beseni langu hatua mbili kutoka kwake! Nikamwambia asante mama, shikamoo, nikahama na beseni. Shemeji yangu ni fundi pikipiki, yeye ndo akanicheka akasema grisi unailainisha na mafuta mwenzake kwanza. Nikaona ananitania. Nikapaka mafuta ya mgando yale ya kupaka mwilini, nikaacha kama nusu saa, nikafuta kwa tambara nikigeuza upande msafi kila mara maana ukisugua unalitandaza, weusi ukaanza kuhamia kwenye tambara. Halafu sabuni ya vyombo juu ya nguo KAVU, msikimbilie kuilowesha, maji yakitangulia sabuni inapoteza nguvu kabla haijafika kwenye doa. Mswaki mzee, taratibu, robo saa, maji ya uvuguvugu. Nimerudia mara tatu, vidole vimechubuka, lakini limetoka, limebaki kivuli ambacho usipoambiwa hukioni.

Yaani fikirieni. Pindo lililokuwa na grisi ya cheni limepona, kifua kilichodondokewa na samaki ndo kimekufa! Doa lile lilikuwa la kumwagia unga wa sembe au poda ya mtoto usiku uleule unyonye mafuta, asubuhi unakung'uta, sabuni ya vyombo, basi. Unaanika kivulini, likikauka unaliangalia kwenye mwanga kabla ya pasi, kwa sababu nguo ikiwa mbichi doa la mafuta linajificha, unajiona umeshinda. Na hiki ni kitenge cha pamba, ingekuwa polista ndo ningelia zaidi, ile inayashika mafuta kama imeolewa nayo.

Kwahiyo wale mtakaokuja hapa kuniambia "ungetumia jiki kidogo tu" pitieni mbali leo.

Dobi kakubali kunirudishia buku tatu. Tatu! Gauni la 60,000, sijalivaa hata mara mbili, na harusi yenyewe ni wiki ijayo, sare ni hiyohiyo. Kesho saa moja asubuhi nipo kibandani kwake kabla hajawasha mkaa, nitalivaa hivyohivyo na Ukerewe yake kifuani nikae kwenye benchi la wateja mpaka tuelewane.